Maswali ya Wasomaji: Lugha ya Kigeni Humlipa Nani?

Tangu safu hii itangaze kwamba toleo hili litahusu faida za kujifunza lugha ya kigeni, barua zimetufikia kutoka pwani na bara. Nimechagua saba, nimezifupisha pale ilipobidi, na majina ya walioziandika nimeyaacha. Wengi wameuliza ni lugha ipi iliyo bora. Swali hilo likiulizwa hivyo halina jibu. Likiambatanishwa na kazi ya muulizaji, umri wake na watu anaokutana nao kila siku, jibu hupatikana, ingawa mara nyingine si lile alilolitarajia.

Swali: Nina leseni ya kuongoza watalii na Kiingereza changu hakina shida. Hata hivyo, wenzangu wenye lugha nyingine ndio hupangiwa safari kwanza. Kampuni moja imenishauri nisome Kichina, nyingine Kifaransa. Nianze na ipi, na itanichukua muda gani? (Muongoza watalii, Moshi)

Jibu: Wenzako hutangulizwa kwa sababu ni wachache. Katika mikoa ya Kilimanjaro na Arusha, Kiingereza ni sharti la kuingia kazini, kwa hiyo hakimtofautishi mtu na mwenzake. Lugha ya pili ya kigeni ndiyo inayomtoa kwenye foleni. Ukilikubali hilo, swali lenyewe linabadilika. Badala ya kuuliza ni lugha ipi ina wazungumzaji wengi duniani, uliza ni wageni wa lugha ipi wanaozifikia kampuni unazofanya nazo kazi na kukosa mtu wa kuwaongoza. Nenda ukae na mpangaji wa safari ofisini, umwombe akuonyeshe makundi ya msimu mzima uliopita, na uangalie ni mara ngapi kampuni ililazimika kuazima muongozaji kutoka kwingine au kumpa mgeni mtu wa Kiingereza akanung'unika. Orodha hiyo itakushauri vizuri kuliko mimi. Soko la pwani lina sura nyingine: kule Kiwengwa katika kisiwa cha Unguja, na Malindi na Watamu upande wa Kenya, Kiitaliano kimekuwa lugha ya biashara kwa miaka mingi, hata wauza vinyago wa ufukweni wanakimudu bila kuwahi kuketi darasani.

Kuhusu muda, taasisi ya Marekani inayowafundisha lugha wanadiplomasia wa nchi hiyo ina vipimo vinavyotajwa sana. Kihispania na Kiitaliano hupangiwa wiki zisizozidi 30 hivi za masomo ya kutwa. Kijerumani, pamoja na Kiswahili chetu, wiki 36. Kiarabu na Kichina, wiki 88. Vipimo hivyo viliwekwa kwa ajili ya mtu aliyekulia Kiingereza, nawe hukukulia Kiingereza peke yake. Mswahili ana mtaji ambao Mmarekani hana. Irabu za Kihispania ni tano, a, e, i, o, u, na hutamkwa karibu sawasawa na zetu, kwa hiyo baada ya mwezi mmoja utaweza kusoma ukurasa kwa sauti na mgeni akakuelewa. Vilevile Mmarekani hushangaa kuambiwa kwamba kivumishi lazima kifuate jinsi ya nomino. Wewe unayesema kiti kizuri na viti vizuri bila hata kufikiri, ukiwa umebeba ngeli kichwani tangu utotoni, hutaona ajabu kwamba nomino za Kifaransa zina jinsi mbili na za Kijerumani tatu. Kinachokusubiri kwenye Kifaransa ni irabu zinazopitia puani na herufi nyingi zinazoandikwa bila kutamkwa.

Kichina ni kirefu, lakini muongozaji anayekimudu hana washindani wengi. Ningemshauri akichague kijana wa miaka ishirini na kitu ambaye bado hajaanza kutegemewa na familia, na ambaye anaweza kujitolea miaka miwili mitatu bila kuona malipo. Wewe, kwa jinsi unavyoeleza majukumu yako, ningekuelekeza kwenye Kihispania, ila kama orodha ya mpangaji wa safari itakukatalia. Jambo moja usilisahau: kozi ya kawaida itakufundisha kuagiza chakula mkahawani na kuuliza njia ya kwenda stesheni, wakati kazi yako inahitaji majina ya ndege na miti, tabia za nyumbu wanaohama, historia ya Wachaga na mifereji yao, na zaidi ya yote maneno ya dharura. Mtu aliyepatwa na ugonjwa wa mwinuko usiku akiwa Kibo hapaswi kutafutiwa neno la kichefuchefu kwenye simu isiyo na mtandao. Msamiati huo uandae mwenyewe tangu wiki ya kwanza, na umwombe mwalimu akusahihishe.

Swali: Mwanangu ana miaka mitano. Shule anayosoma hufundisha kwa Kiingereza na sasa inataka kuongeza Kifaransa, vipindi viwili kwa wiki, kwa ada ya ziada. Wanasema lugha nyingi huufanya ubongo wa mtoto uwe mkali. Nahofia Kiswahili chake kitaharibika, kwani hata sasa anachanganya. Nyumbani kwa bibi yake husema Kigogo. (Mama, Dodoma)

Jibu: Nianze na hofu yako, kwa sababu ina uzito kuliko ahadi ya shule. Mtoto anayeingiza neno la Kiingereza katikati ya sentensi ya Kiswahili hajachanganyikiwa. Anatumia neno lililo karibu, kama afanyavyo baba yake akizungumza na wenzake kazini. Afrika Mashariki imelea vizazi vya watoto wa namna hiyo, wenye lugha ya bibi, lugha ya mtaa na lugha ya shule, na wengi wao walijua bila kufundishwa nani anazungumzishwa kwa lugha gani. Lugha ya mtoto hudhoofika pale watu wazima wanapoacha kuitumia naye, si pale lugha nyingine inapoingia. Kama nyumbani mmeanza kumsemesha Kiingereza ili azoee shule, hapo ndipo Kiswahili chake kinapovujia, na Kifaransa cha vipindi viwili hakihusiki. Msimulieni hadithi, mtegeeni vitendawili, mwacheni aeleze kirefu kilichotokea siku nzima hata kama chakula kitapoa. Kigogo cha bibi nacho msikikate. Ni lugha kamili, inafundishwa bure, na mwalimu wake ana mapenzi.

Sasa ubongo. Madai ya shule hayakutoka hewani, ila yamevutwa. Mwaka 2007 Ellen Bialystok na wenzake, wakichunguza wagonjwa mjini Toronto, walieleza kwamba waliotumia lugha mbili maishani walionyesha dalili za ugonjwa wa kusahau wa uzeeni wakiwa wamechelewa kwa takribani miaka minne kuliko wenye lugha moja. Mwaka 2013 watafiti wakiongozwa na Suvarna Alladi, wakishirikiana na Thomas Bak, walichunguza wagonjwa 648 mjini Hyderabad, India, na kukuta tofauti ya miaka minne na nusu, hata kwa watu ambao hawakujua kusoma na kuandika. Matokeo hayo ya India yanatuhusu zaidi, maana Hyderabad, kama Dodoma, ni mji ambao lugha kadhaa huishi pamoja sokoni na majumbani. Lakini watu waliochunguzwa walikuwa wameishi na lugha hizo miaka mingi, si watu waliohudhuria vipindi viwili kwa wiki. Tena mwaka 2015 Angela de Bruin na wenzake walionyesha kwamba tafiti zilizoona faida kwa wenye lugha mbili zilikuwa zikichapishwa kwa urahisi kuliko zile zisizoiona, jambo linalotulazimu kupunguza shangwe. Hata tukiikubali faida hiyo yote, mwanao mwenye Kigogo, Kiswahili na Kiingereza ameshaipata. Hakuna sababu ya kuilipia ada mara ya pili.

Wala usitishwe na msemo kwamba asipoanza sasa atakuwa amechelewa. Mwaka 1978 Catherine Snow na Marian Hoefnagel-Höhle walichapisha utafiti kuhusu wazungumzaji wa Kiingereza waliohamia Uholanzi, na katika miezi ya mwanzo vijana wa miaka 12 hadi 15 na watu wazima walijifunza Kiholanzi kwa kasi kuliko watoto wadogo wa miaka mitatu hadi mitano. Mtoto mdogo humshinda mkubwa baadaye, hasa kwenye matamshi, iwapo anaishi ndani ya lugha kila siku. Kwa hiyo kama mwalimu wa Kifaransa ni mchangamfu, anaimbisha na kuchezesha, na ada haikuumizi, mwache mtoto afurahie. Kama ada inakuumiza, subiri sekondari, na fedha hiyo inunue vitabu vya hadithi vya Kiswahili.

Swali: Mwalimu, nina umri wa miaka 64 na nimestaafu. Nilihitimu chuo cha Kurani nikiwa mtoto, na Msahafu nausoma kila siku, lakini maana naipata kwenye tafsiri. Wanangu wawili wako Muscat. Je, kwa umri huu ninaweza kujifunza Kiarabu? Na je, ni kweli kwamba kinazuia ugonjwa wa kusahau? (Mzee, Tanga)

Jibu: Shikamoo mzee wangu. Sijui mwanafunzi wa umri wowote anayeanza Kiarabu akiwa na akiba kubwa kuliko aliyehitimu chuo cha pwani. Mzungu anayekianza chuo kikuu humaliza wiki kadhaa akipambana na maandishi yanayotoka kulia kwenda kushoto, na miezi akitafuta pale koo linapotoa herufi ain na ha. Wewe ulimaliza hayo kabla hujabalehe, kwa tajwidi na kwa kiboko. Maneno ya Kiswahili yenye asili ya Kiarabu ni maelfu, na hesabu ya sita, saba, tisa na makumi kuanzia ishirini unayo tayari, japo baadhi ya maneno yamebadili maana yalipovuka bahari na itakubidi uwe mwangalifu.

Unachokosa ni nahau, yaani sarufi ya Kiarabu, na utaratibu wa maneno kujengwa juu ya herufi za asili, ambazo mara nyingi huwa tatu. Huo nao umeuishi bila kuambiwa, maana kitabu, katibu na maktaba umekuwa ukiyatumia maisha yako yote, na yote matatu yametoka kwenye asili moja. Ukifundishwa utaratibu huo kwa miezi michache, kurasa ulizozisoma kwa nusu karne zitaanza kufunguka. Ningekushauri uanze na sura fupi za Juzuu Amma, sehemu ya mwisho ya Msahafu, ambazo bila shaka umezihifadhi. Mwanafunzi wa kawaida hupewa maana kisha akahangaika kuhifadhi maneno. Wewe maneno umeshayahifadhi, na kazi iliyobaki ni kuyapa maana moja baada ya jingine. Mtafute mwalimu anayejua nahau na awe tayari kuifundisha kwa Kiswahili. Tanga haina uhaba wa watu hao.

Uamuzi mmoja ufanywe mapema. Kiarabu cha Msahafu, ambacho kiko karibu na kile cha taarifa ya habari, si kile kinachosemwa sokoni Muscat. Kwa kuwa lengo lako la kwanza ni kuelewa unachosoma, jifunze Kiarabu fasaha, na cha mitaani uwaachie wanao. Ukienda kuwatembelea hutakwama, kwa sababu familia nyingi za Oman zenye asili ya Unguja na mwambao bado zinasema Kiswahili, na atakayekujibu kwa Kiarabu cha nyumbani atakielewa chako cha kitabuni na huenda akakuheshimu zaidi kwacho.

Kuhusu ugonjwa wa kusahau, nimeeleza kwenye barua ya mama wa Dodoma kilichoonekana Toronto na Hyderabad. Tafiti hizo zinahusu waliotumia lugha mbili kwa miaka mingi, na hakuna anayeweza kukuahidi kwamba lugha iliyoanzwa baada ya kustaafu itakukinga. Kumbukumbu yako itakuwa nzito kidogo kushika maneno mapya kuliko ya kijana, kwa hiyo rudia mara nyingi na kidogo kidogo, asubuhi na jioni, badala ya kukaa saa tatu mfululizo siku ya Jumamosi.

Swali: Mimi ni muuguzi mwenye stashahada. Wakala mmoja ananiambia miezi mitatu ya Kijerumani inanitosha kupata kazi Ujerumani, na anataka nilipie kozi na nafasi ya kazi kwa pamoja. Je, Kijerumani kitanifaa? (Muuguzi, Machakos)

Jibu: Kijerumani kinaweza kukufaa sana, lakini si kwa hesabu ya wakala huyo. Lugha za Ulaya hupimwa kwa ngazi sita, kuanzia A1 hadi C2. Ili sifa zako za uuguzi zitambuliwe kikamilifu, majimbo ya Ujerumani kwa kawaida hudai ngazi ya B2. Goethe-Institut, taasisi ya Ujerumani inayofundisha na kutahini Kijerumani, hukadiria kwamba kufika B2 kunahitaji vipindi kati ya 600 na 800 vya dakika 45, ukianzia sifuri. Ukisoma vipindi vinne kila siku, siku tano kwa wiki, hiyo ni wiki 30 hadi 40, bila kuhesabu likizo, kazi za nyumbani na zamu zako za usiku. Ndani ya miezi mitatu ya mwendo huo utakuwa umefika karibu na A2, ngazi ya kujitambulisha, kununua mahitaji na kueleza shughuli za kila siku. Makubaliano ya ajira ambayo Kenya na Ujerumani zilitia saini mjini Berlin mnamo Septemba 2024 hayakuliondoa sharti la lugha, na anayesema yameliondoa anakudanganya.

Sharti hilo lina maana yake ndani ya wodi. Lazima ukabidhi zamu kwa sauti, uandike kumbukumbu za mgonjwa ambazo daktari atazisoma akiwa na haraka, upokee simu ya ndugu mwenye wasiwasi, na umwelewe bibi wa miaka tisini anayesema lahaja ya kijijini kwao ambayo haimo kwenye kitabu chochote cha kozi. Halafu kuna mshahara. Muuguzi wa kigeni ambaye bado hajatambuliwa huajiriwa kama msaidizi na hulipwa kama msaidizi, hata akiwa na uzoefu wa miaka kumi. Mamlaka ya jimbo hulinganisha mafunzo yako na ya kwao, na ikiona pengo hukutaka upitie kipindi cha mazoezi ya kujazia au ufanye mtihani wa maarifa. Mtihani huo na mazoezi hayo hufanywa kwa Kijerumani, kwa hiyo anayefika na lugha dhaifu hukaa muda mrefu katika ngazi ya usaidizi. Hapo ndipo faida ya lugha inapohesabika kwa fedha.

Usilipie kozi na kazi katika risiti moja. Kozi ilipie kwenye shule yenyewe, na kabla ya kutoa hata shilingi moja kwa ajili ya kazi, dai jina la hospitali na mkataba ulioandikwa. Mtihani wa Goethe wa B1 au B2 una sehemu nne, kusoma, kusikiliza, kuandika na kuzungumza. Kila moja inahitaji alama 60 kati ya 100, na uliyoshindwa unaweza kuirudia peke yake bila kurudia zote. Na ukijua moyoni kwamba hutaki kuondoka Machakos, Kijerumani kiache. Katika wodi za huko hakitakuongezea chochote, na muda huo utakulipa zaidi ukisomea utaalamu wa wagonjwa mahututi au figo.

Swali: Kwa nini tuhangaike na lugha za waliotutawala badala ya kukikuza Kiswahili? (Mwanafunzi wa chuo kikuu, Dar es Salaam)

Jibu: Mwaka 2021 UNESCO iliitenga tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, na mwaka 2022 Umoja wa Afrika ulikubali Kiswahili kiwe lugha ya kazi ya vikao vyake. Vikao hivyo vinahudhuriwa na wajumbe wanaosema Kireno, Kifaransa na Kiarabu. Ili Kiswahili kisikike humo na si kutajwa tu, lazima awepo mtu anayetoka Kireno hadi Kiswahili moja kwa moja, na mtu huyo ni adimu. Kwa sasa hata habari za Msumbiji, jirani tuliyetenganishwa naye na mto, wengi wetu tunazisoma kwa Kiingereza zikiwa zimepitia London. Mwalimu Nyerere alizitafsiri kwa Kiswahili tamthilia mbili za Shakespeare akiwa madarakani, na sijasikia mtu akidai kwamba kwa kazi hiyo alimtumikia Mwingereza. Lawama yako ningeielekeza kwa anayejifunza lugha ya kigeni ili aache kusema Kiswahili. Huyo yupo, na hapo nakuunga mkono kabisa.

Swali: Nafuata bidhaa Guangzhou mara mbili kwa mwaka. Simu yangu inatafsiri kila kitu. Kuna haja gani ya kusumbuka na Kichina? (Mfanyabiashara, Kariakoo)

Jibu: Kwa maandishi mafupi, simu inatosha kwa kiasi kikubwa, na anayekwambia vinginevyo huenda anauza kozi. Ila huduma za Google hazifunguki China bila njia za pembeni, ndiyo maana wafanyabiashara wengi hutegemea kitafsiri kilichomo ndani ya WeChat, programu ambayo wauzaji wa huko huitumia hata kupokea malipo. Simu hukwama pale pesa inapokuwa mezani. Muuzaji na mwenzake wakigeukiana na kusemezana, simu yako haisikii, na ukiielekeza kwao wananyamaza. Aidha, namba nne na namba kumi katika Kichina sanifu hutofautiana kidogo sana, na watu wa kusini, Guangzhou ikiwemo, huzitamka karibu sawa, kiasi kwamba wenyewe huonyeshana kwa vidole. Mtu aliyejifunza tarakimu, ishara zake za mikono, rangi, vipimo na maneno ya malighafi hatauziwa plastiki kwa bei ya ngozi.

Kwa hiyo sikushauri ufukuzie kuandika herufi elfu kadhaa. Mtihani wa Kichina unaoitwa HSK, kwa mpangilio wake wa ngazi sita, ulianzia kwenye maneno 150 na kufika 1,200 katika ngazi ya nne, ambayo vyuo vingi vya China huidai kwa anayetaka kusomea shahada kwa Kichina. Wewe ngazi ya pili yenye mazungumzo ya kutosha itakulipa gharama yake mapema, hasa ukienda kwenye Maonyesho ya Canton, ambayo yamekuwapo tangu 1957 na hufanyika kila majira ya kuchipua na ya vuli, ambako unakutana na kiwanda chenyewe badala ya dalali. Jifunze kuzitambua kwa macho herufi zinazojitokeza kwenye ankara: jina la kiwanda, idadi, uzito, tarehe. Kichina sanifu kina toni nne, nazo huwatisha wengi. Kama nyumbani kwenu husemwa Kisukuma au Kihaya, sikio lako limeshazoea kwamba kupanda na kushuka kwa sauti hubadili maana, jambo ambalo Kiswahili hakina. Kozi zipo katika Taasisi ya Confucius ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Usishangae tu ukikuta Guangzhou wenyeji wakisemezana kwa lugha yao ya Kikantoni: hutaielewa, lakini cha kwako watakielewa.

Swali: Nilisoma Kifaransa sekondari miaka minne na kufaulu, leo sikumbuki hata kuhesabu hadi mia. Sasa nimeajiriwa na wakala wa forodha, na mizigo mingi ni ya Lubumbashi. Je, nilichosoma kimepotea? Nianze upya? (Karani, Dar es Salaam)

Jibu: Hakijapotea chote. Hermann Ebbinghaus, Mjerumani aliyechunguza kumbukumbu kwa kujipima mwenyewe na kuchapisha matokeo mwaka 1885, aligundua kwamba jambo lililosahaulika hujifunzwa upya kwa muda mfupi kuliko lilivyochukua mara ya kwanza, hata pale mtu anapoamini kwamba halikumbuki kabisa. Utaona miezi miwili ya mwanzo ikienda kwa kasi ya kushangaza, kisha utafika kwenye mambo ambayo hukuwahi kuyashika vizuri shuleni, na mwendo utapungua.

Kwa mazungumzo ya simu na mteja wa Lubumbashi, Kiswahili chako kitakufikisha, ingawa cha Katanga kina ladha yake na Kifaransa kingi ndani yake. Karatasi ndizo zisizosema Kiswahili. Hati zinazotoka upande wa Kongo, barua za benki, na mawasiliano ya ofisi za serikali yao huandikwa kwa Kifaransa, na karani anayeweza kuisoma hati na kuona kwamba maelezo ya mzigo hayalingani na ankara kabla lori halijafika Kasumbalesa, anamwokolea mwajiri wake siku nyingi za lori kusimama mpakani likihesabiwa gharama. Anza na hizo hati zilizo mezani pako. Msamiati wake haubadiliki sana, maneno yaleyale hurudi kila wiki, na utayakuta kesho kazini bila kujilazimisha. Ukirudi darasani, kwa mfano Alliance Française, omba upimwe ngazi yako kabla ya kulipa, maana mtu aliyesoma miaka minne hana sababu ya kulipia A1. Na ukifika mahali pa kutaka cheti cha Kifaransa, ipo mitihani ya DELF na TCF: cheti cha DELF hakina tarehe ya kwisha, ilhali cha TCF huhesabiwa miaka miwili tu; mwulize mwajiri wako anataka kipi kabla ya kujiandikisha.